Kambi ya Masomo Juu ya Ziwa Ngozi: Kufundisha kwa Swali Moja

Utangulizi

Matembezi ya wanafunzi si jambo geni katika shule zetu. Walimu huwapeleka watoto mbugani, bandarini, kiwandani au kwenye makumbusho, na watoto hurudi wamefurahi. Lakini tukiwauliza baada ya juma moja wamejifunza nini, aghalabu hujibu kwa orodha: tuliona hiki, tuliona kile, tulikula wali. Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hiyo yamfaa msafiri, mwalimu haimfai. Mwalimu anayewatoa watoto wa watu majumbani mwao na kuwalaza msituni penye baridi hapaswi kutegemea cha kuokota njiani.

Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi kambi ya siku tatu inavyoweza kuwa somo kamili, lenye mwanzo, kiini na tathmini, iwapo itajengwa juu ya swali moja tu. Mfano tunaoutumia ni kambi ya wanafunzi wa darasa la sita juu ya ukingo wa Ziwa Ngozi, mkoani Mbeya. Mwalimu aliye mbali na Mbeya asiyaache makala haya kwa sababu hiyo. Kilima, chemchemi, bwawa au ufuko ulio karibu naye unaweza kutumika vivyo hivyo, maadamu amepata swali lake.

Kambi katika elimu yetu

Wako wanaodhani kwamba kambi ni mchezo ulioletwa na wageni. Ni kweli kwamba Baden-Powell alifanya kambi yake ya kwanza ya majaribio huko Uingereza mwaka 1907, na uskauti ukaenea hata kwetu; yeye mwenyewe alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, Kenya. Lakini kabla ya hapo watu wa Afrika Mashariki walikwisha kujua faida ya kumtenga kijana na nyumbani kwa muda ili afunzwe. Jando na unyago vilikuwa na kambi zake, walimu wake, mitihani yake na nyimbo zake. Hata Wanyakyusa, ambao ni majirani wa Ngozi, walikuwa na desturi ya vijana wa rika moja kuondoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao wenyewe, desturi iliyoelezwa na mwanaanthropolojia Monica Wilson katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, moja ya lawama zake juu ya elimu ya kikoloni ilikuwa kwamba ilimtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfundisha kuyatukuza mambo ya vitabuni kupita maarifa ya wazee wake. Kambi ya masomo ni njia mojawapo ya kuliondoa tatizo hilo, lakini kwa sharti kwamba mwanafunzi apewe kazi ya kweli. Kubadilisha mahali pa kukaa hakutoshi. Mwalimu anayesimama ukingoni mwa ziwa na kuhutubia kwa saa nzima amelihamisha darasa tu, tena amelihamishia mahali pasipo na madawati.

Mahali penyewe

Ziwa Ngozi limo katika safu ya milima ya Poroto, kusini-mashariki ya jiji la Mbeya, upande wa magharibi wa barabara kuu iendayo Tukuyu. Ni ziwa la kasoko: mlima wa volkeno ulilipuka, kilele chake kikadidimia, na shimo kubwa lililobaki likajaa maji. Wanajiolojia hukadiria kwamba mlipuko wa mwisho wa Ngozi ulitokea karibu mwaka 1450. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo ina kimo cha meta 2,620 hivi kutoka usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko zaidi kidogo ya meta 2,000. Urefu wa ziwa ni kama kilometa 2.5 na upana kilometa 1.6. Kuta za shimo zimefunikwa na msitu wa mlimani wenye migomba-mwitu, mbega weusi kwa weupe, na kinyonga wa pembe tatu ambaye jina lake la kitaalamu ni Trioceros fuelleborni.

Jambo moja humshangaza kila anayelitazama kwa makini. Mvua katika milima hii ni nyingi. Mjini Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hata hivyo, hakuna mto wowote unaotoka katika Ziwa Ngozi. Hapo ndipo lilipo swali letu: maji ya Ngozi huenda wapi?

Tumelichagua swali hili kwa sababu nne. Kwanza, mtoto huliona kwa macho yake, wala halihitaji kulazimishwa na mwalimu. Pili, kitabu cha darasa la sita hakina jibu lake. Tatu, haliwezi kujibiwa kwa somo moja. Lahitaji hisabati, sayansi, jiografia, historia na lugha. Nne, lagusa maisha ya mtoto, kwa kuwa maji ya milima hii ndiyo yanayonywesha mashamba na mifugo ya wazazi wake. Mwalimu akitafuta swali la mahali pake, yafaa alipime kwa sababu hizi nne. Likikosa hata moja, atafute jingine.

Maandalizi

Kambi hii yafaa ifanyike kati ya Juni na Agosti, wakati mvua zimekwisha. Huo ndio pia wakati wa baridi kali. Wanafunzi waelezwe mapema kwamba halijoto hupungua kwa nyuzi 0.6 za Selsiasi hivi kwa kila meta 100 za kupanda, nao wakokotoe wenyewe tofauti kati ya shuleni kwao na ukingoni. Mtoto aliyekokotoa baridi yake mwenyewe hasahau sweta.

Idhini ni tatu, na zote ziwe za maandishi: ya wazazi, ya ofisi ya elimu, na ya wahifadhi wa msitu. Mahali pa kupiga hema paonyeshwe na wahifadhi. Aidha, kiongozi wa njia atoke katika kijiji kilicho karibu, naye alipwe. Katika mchango wa fedha, mwalimu asiruhusu mtoto yeyote kuachwa kwa sababu ya umaskini. Shule inayoweza kuuza mazao ya shamba lake ilipe kambi nzima kutoka mfuko huo. Isiyoweza, ipunguze siku badala ya kupunguza watoto. Kambi ya watoto wenye uwezo peke yao hufundisha somo baya kabla ya somo lolote kuanza.

Tuchukue kikundi cha wanafunzi 24 na watu wazima wanne, yaani watu 28. Ukingoni hakuna maji ya kuchota. Kila mtu ahesabiwe lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia; kwa siku mbili zitahitajika lita 224. Kila mmoja akibeba lita 4, zitafika lita 112, ambazo ni nusu kamili. Nusu iliyobaki ibebwe na wachukuzi wa kijijini kwa ujira wa haki. Hesabu hii ifanywe na wanafunzi wenyewe darasani. Kabla hawajafika ziwani watakuwa wamekwisha kuona ajabu ya kwanza, kwamba mtu aweza kukaa juu ya ziwa kubwa akakosa maji ya kunywa.

Kuni zisikatwe msituni hata kijiti kimoja. Tubebe jiko la gesi au la mafuta ya taa. Chakula kiwe kile kinachoiva upesi. Katika kimo cha meta 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, kwa sababu kani ya hewa imepungua. Maharagwe yatachemka mchana kutwa nayo bado ni magumu. Wanafunzi watie kipimajoto cha maabara katika maji yanayochemka, wasome, waandike, kisha wamweleze mpishi kwa nini tumeleta dagaa na mchele.

Vifaa vya masomo ni vichache na vya bei nafuu: ramani ya skeli 1:50,000, dira, kipimajoto, protrakta iliyofungwa uzi na jiwe dogo, karai mbili, chupa yenye alama za mililita, mikebe iliyotobolewa pande zote mbili, saa, na daftari la uchunguzi kwa kila mwanafunzi.

Ratiba

Siku ya kwanza: kupanda asubuhi, kupiga kambi, kulitazama ziwa na kulichora, kuweka karai.
Siku ya pili: kupima ziwa, kupima udongo, kusoma ramani ya mito, mazungumzo na mzee wa kijiji jioni.
Siku ya tatu: kusoma karai, mjadala wa swali, kusafisha kambi, kushuka.

Somo la kwanza: kutazama kabla ya kusema

Wanafunzi wafikapo ukingoni, mwalimu asiseme neno. Kila mmoja akae mahali salama alipopangiwa, alitazame ziwa kwa dakika 20, alichore na kuandika chini ya mchoro wake mambo matano anayoyaona na swali moja analojiuliza. Katika madaftari mengi swali la mto usiokuwapo hujitokeza lenyewe. Lisipojitokeza, mwalimu aulize tu, "Ni nani ameuona mto unaotoka?" kisha anyamaze tena.

Waongoza njia hupenda kusema kwamba Ziwa Ngozi lina umbo la ramani ya Afrika. Tumwombe kiongozi wetu alizuie neno hilo mpaka michoro ikamilike. Baada ya hapo alitoe, nasi tulinganishe michoro, ramani ya skeli na ramani ya Afrika. Watoto watabishana, na ubishi huo ni mzuri, maana watajifunza kwamba jicho lililokwisha kuambiwa huona lile lililoambiwa.

Kisha tupime. Kutoka katika ramani, tuchukue urefu wa kilometa 2.5 na upana wa kilometa 1.6. Ziwa likichukuliwa kuwa na umbo la yai, eneo lake hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana, kisha kwa 3.14, na kugawa kwa 4. Jibu ni kilometa za mraba 3.14. Kimo cha ukingo juu ya maji kitafutwe kwa protrakta yenye uzi na kwa kuchora kwa skeli. Kwa mfano, kama ramani yaonyesha kwamba ufuko uko meta 500 kutoka tulipo, nayo protrakta ikatupa pembe ya nyuzi 25 kwenda chini, tuchore mstari wa sentimeta 10 badala ya meta 500. Mstari wa kusimama utakuwa sentimeta 4.7 hivi, yaani karibu meta 233.

Somo la pili: karai

Hili ndilo somo lililo kiini cha kambi. Watoto wengi watasema kwamba maji ya ziwa "hukauka na jua". Mwalimu asikatae wala asikubali. Atoe karai.

Karai moja yenye kipenyo cha sentimeta 40 itiwe lita 5 kamili za maji na kuwekwa peupe, mbali na wanyama na watoto wenye kiu. Ya pili, yenye kipenyo kile kile, iwekwe tupu chini ya miti ili kupokea matone ya ukungu yanayodondoka kutoka majanini. Baada ya saa 24 yapimwe yote mawili kwa chupa yenye alama. Uso wa karai ni sentimeta za mraba 1,257 hivi. Kwa hiyo, kama karai la peupe limepoteza mililita 377, maji yameshuka kwa milimita 3.

Sasa watoto wapige hesabu ya ziwa zima. Milimita 3 juu ya kilometa za mraba 3.14 ni meta za ujazo 9,420 kwa siku, au zaidi ya lita milioni 9. Darasa zima litashtuka, na wale waliosema "hukauka na jua" watafurahi. Hapo mwalimu aulize, "Je, karai na ziwa ni kitu kimoja?" Karai hupata joto upesi kuliko ziwa lenye kina kirefu, tena liko juu penye upepo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa maji huzidisha kipimo cha chombo kama hiki kwa 0.7 hivi. Milimita 3 huwa 2.1 kwa siku, sawa na milimita 767 hivi kwa mwaka, ikiwa siku zote zitafanana na hii.

Upande wa pili wa mizani ni mvua. Kabla ya safari wanafunzi wawe wametafuta kipimo cha mvua cha kituo kilicho karibu. Tuchukue, kwa mfano tu, milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua 1,500, mvuke 767: ziada ni milimita 733, mbali na maji yanayotiririka kutoka kuta za shimo. Kwa miaka kumi ziwa lingepanda zaidi ya meta 7, na hatimaye lingepita juu ya ukingo. Halikupita. Kwa hiyo jua peke yake halitoshi kueleza. Mtoto aliyefika hapa kwa penseli yake mwenyewe amekwisha kufikiri kama mwanasayansi, hata kama tarakimu zake ni za kukadiria. Mwalimu amsaidie kuandika ni zipi alizozipima na ni zipi alizozidhania.

Somo la tatu: mkebe na udongo

Kama maji hayatoki juu, yapenye chini. Je, udongo wa hapa hupitisha maji? Mkebe uliotobolewa pande zote mbili uchomekwe ardhini sentimeta 3, umiminiwe lita moja ya maji, na saa ihesabiwe mpaka maji yatoweke. Jaribio lifanyike mahali patatu: chini ya miti penye majani yaliyooza, katikati ya njia iliyokanyagwa, na, wakati wa kushuka, katika shamba la viazi kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mara nyingi tofauti kati ya msitu na njia ni kubwa kiasi kwamba haihitaji maelezo.

Hapa mwalimu awe na hadhari. Miongoni mwa wanafunzi wamo watoto wa wakulima wa kando ya msitu. Somo likigeuka kuwa hukumu, mtoto atarudi nyumbani akiwa mshitaki wa baba yake, au atanyamaza na kuuchukia msitu. Tusiseme kwamba mkulima ni adui wa maji. Tuulize mkulima hufanya nini ili udongo wake unywe mvua: matuta yanayokingama na mteremko, nyasi za kuzuia mmomonyoko, miti ya mipakani. Wengi wanayajua haya kutuzidi. Mwenye shamba akiwapo, yeye ndiye awe mwalimu wa dakika hizo, nasi tukae pamoja na wanafunzi.

Somo la nne: matone mawili

Tutandaze ramani. Safu ya Poroto ni mgongo unaogawa maji. Tufikirie matone mawili ya mvua yaliyoanguka karibu karibu juu ya mgongo huo. Moja lateremkia kaskazini, laingia bonde la Usangu, lafuata Mto Ruaha Mkuu hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha Mto Rufiji, na kufika Bahari ya Hindi mkabala wa Mafia. La pili lateremkia kusini kwa Mto Kiwira hadi Ziwa Nyasa, latoka kwa Mto Shire, laingia Zambezi, na kufika bahari ile ile katika nchi ya Msumbiji. Kila kikundi kifuate tone moja kwa kidole na kuandika majina ya mahali linapopita na kazi linayoifanya.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ukaendelea kukauka katika viangazi vya miaka iliyofuata. Wanafunzi wataharakisha kusema, "Miti ya Poroto imekatwa." Watafiti walitaja zaidi maji yaliyochepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji huko Usangu. Mfano huu ni wa thamani kwa mwalimu, maana wafundisha kwamba msiba mmoja huweza kuwa na sababu nyingi, na kwamba sababu iliyo karibu na mdomo si lazima iwe ndiyo ya kweli.

Somo la tano: masimulizi ya wazee

Jioni ya siku ya pili tumkaribishe mzee wa kijiji. Atakayoyasema yatakuwa ya namna mbalimbali: majina ya mimea na dawa zake, heshima zinazotakiwa ziwani, nguvu za maji yake, na pengine ile hadithi isimuliwayo sana kwamba Wajerumani walitosa mali zao ziwani walipokuwa wakikimbia katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanafunzi wasikilize kwa adabu, waandike, na kuuliza maswali mawili tu: "Shikamoo babu, habari hii uliipata kwa nani?" na "Ilikuwa zamani za nani?"

Kesho yake, mzee akiwa amekwisha kuondoka, wapange waliyoyasikia katika safu tatu: yale yawezayo kupimwa, yale yawezayo kutafutwa katika maandishi, na yale yanayohusu imani na heshima. Kuwapo kwa Wajerumani hapa na kuondoka kwao ni jambo la maandishi: Tukuyu waliiita Neu-Langenburg, na majeshi ya Waingereza yakaitwaa mwaka 1916. Mali zilizotoswa ni hadithi isiyo na ushahidi mkononi mwetu. Miiko ya ziwa ni ya safu ya tatu, na hapo hatupimi. Tunaifuata kwa sababu sisi ni wageni. Mtoto ajifunze kwamba kuuliza ushahidi si kumvunjia mzee heshima.

Usalama

Kuta za Ngozi ni za mteremko mkali na zenye utelezi. Hatushauri kulishusha darasa mpaka ufukoni. Masomo yote yaliyotajwa hufanyika juu. Kila watoto sita wawe na mtu mzima mmoja, na wahesabiwe kila saa. Choo kichimbwe mbali na njia na mbali na mteremko wa ziwa, na kifukiwe.

Iko hatari nyingine isiyoonekana. Katika nchi ya volkeno ya Rungwe hewa ya ukaa hutoka ardhini. Huko Kyejo huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama mabondeni na mashimoni. Tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya ukaa iliyotoka kwa ghafla katika Ziwa Nyos, Kamerun, iliua watu wapatao 1,700. Hatusemi kwamba Ngozi ni Nyos. Twasema kwamba hema lisipigwe shimoni, mtoto asiingie katika pango au korongo lililofungika, na penye wanyama wadogo waliokufa bila jeraha watu waondoke mara moja. Sababu hizo wanafunzi waelezwe waziwazi. Katazo lenye sababu hukumbukwa hata mwalimu asipokuwapo.

Mjadala na tathmini

Asubuhi ya siku ya tatu kila kikundi kitoe jibu la swali letu pamoja na ushahidi wake. Mwalimu aandike yote bila kusahihisha. Ndipo, baada ya watoto kumaliza, aeleze wanayoyajua wataalamu: kwamba sehemu ya maji huondoka kwa mvuke na sehemu hupenya katika miamba ya volkeno, na kwamba kemia ya maji ya ziwa yaonyesha chumvi na hewa ya ukaa zinazopanda kutoka chini ya ardhi penye joto. Yaani chini ya ziwa iko njia ya kuingia na ya kutoka, na kazi ya kuichunguza haijakwisha. Mtoto aambiwe hivyo hivyo. Kujua kwamba dunia bado ina kazi iliyobaki ni sehemu ya elimu.

Tathmini isiulize "Ulifurahi?" wala "Uliona nini?" Iwe na mambo matatu: daftari la uchunguzi, linalopimwa kwa usahihi wa vipimo na ukweli wa maandishi, barua ya mwanafunzi kwa mtu wa nyumbani, akieleza maji ya Ngozi huenda wapi, na jaribio moja atakalolirudia nyumbani kwao kwa mkebe na saa. Mtoto aliyeandika "sikupata jibu, kwa sababu karai lilimwagika" apewe alama kuliko yule aliyebuni tarakimu nzuri.

Hitimisho

Kambi ni ghali kwa shule zetu. Yagharimu fedha, nguvu na usingizi wa mwalimu, na dhamana ya roho za watoto iko mikononi mwake. Gharama hiyo yaweza kutetewa kwa jambo moja tu, kwamba mtoto amefanya huko kitu ambacho hangeweza kukifanya darasani. Walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezini mwaka huu twawaomba waanze mapema: kila mmoja atafute, katika umbali wa kutembea kutoka shule aliyopangiwa, mahali pamoja penye swali moja, alijaribu kwa mkono wake mwenyewe, na kuliandikia andalio la somo kabla ya kuomba hata hema moja.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja mahali pamoja karibu na shule yako panapoweza kutoa swali lenye sifa nne zilizotajwa. Eleza sifa ipi ni ngumu kuipata.
2. Mwanafunzi amepata kwamba karai limepoteza milimita 4 kwa siku. Kokotoa kiasi cha maji kwa ziwa zima kabla na baada ya kuzidisha kwa 0.7.
3. Mzazi asema, "Mtoto wangu haendi msituni kulala baridi, vitabu vipo." Utamjibuje kwa heshima?
4. Andika andalio la dakika 40 la jaribio la mkebe katika uwanja wa shule, kwa darasa la wanafunzi 60.